Sentensi Arobaini za Mama Fridah

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane. Chekeni kwanza, nitangoja.

Mkimaliza, niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu najua baadhi yenu mnahitimu mwaka huu na mmeshaona tangazo la kazi ya lugha, kompyuta ipo, lete cheti tu. Mimi nililiona limebandikwa mlangoni pa duka la fotokopi hapa mjini Kakamega. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima na shahada yangu ya Kiingereza na isimu. Nililisoma mara sita, nikaenda nyumbani. Kesho yake nilirudi kulisoma tena, kuhakikisha kwamba halikuwa na sharti fulani dogo chini ambalo lingenitoa. Siku ya tatu nilikuta limenyeshewa na mvua. Nikapiga simu kwa namba niliyokuwa nimeshaikariri.

Ndivyo nilivyo. Mjue mapema, maana haya yote yametoka hapo.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari. Meza kumi na mbili. Kila asubuhi kompyuta ilituletea sentensi za Kiingereza. Hazikuwa za vitabu vya shule. Zilikuwa zile ambazo watu wameziandika kweli: magazetini, kwenye barua za malalamiko, kwenye taarifa za polisi, kwenye matangazo ya vifo. Ndani ya kila sentensi kitenzi kimoja kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano, na kikundi cha maneno kinachoanza na kihusishi, on, for, from, in na wenzao, kimepakwa rangi ya buluu. Kazi yako ilikuwa kusema manjano na buluu wanahusianaje.

Ukisema she relied, ukanyamaza, umemwacha msikilizaji akikutazama mdomoni. Alimtegemea nani? Relied on her brother. Kikundi hicho tulikiita cha lazima. Ukisema she wept in the kitchen, unaweza kuliondoa jiko na machozi yakabaki. Hicho tulikiita cha kupita. Halafu kuna kile ambacho hakina habari na kitenzi, kimeshikana tu na jina lililo karibu yake. Cha lazima, cha kupita, cha jina. Unabofya, unaandika sababu kwa maneno machache, unaenda kwa inayofuata. Mahali fulani ng'ambo mashine inajifunza Kiingereza kutoka kwako.

Mama yangu mzazi alijaribu kuielewa kazi hiyo.

"Kwa hivyo unachambuanga," aliniambia.

"Ndiyo, Mama."

"Kama maharagwe."

"Kama maharagwe."

"Na yale yameoza mnatupa wapi?"

Nilicheka. Sasa silioni kuwa swali la kuchekesha, kwa sababu hatukuwa tunatupa. Wiki ya kwanza nilipewa mafungu matatu yenye kitenzi die. Watu walikuwa wamekufa of, wamekufa from, wamekufa in, wamekufa at. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ukikusanya Kiingereza cha watu halisi, sehemu kubwa utakayoipata ni maiti. Unaambiwa uangalie kihusishi. Wewe unaangalia kihusishi. Lakini mtoto aliyezama mtoni yuko palepale, amepakwa buluu.

Sentensi iliyonikwamisha kwanza ilikuwa hii: They brought the body from Lumakanda. Je, Lumakanda ni ya kitenzi, mahali walikoutoa mwili? Au ni ya mwili, maiti ya mtu wa Lumakanda, hata kama imeletwa kutoka kwingine? Nilikaa nayo saa nzima. Nilianza kujiuliza hao they ni nani, kama walikuja na gari au trekta, kama kuna mtu alibaki nyumbani kule Lumakanda akivuna mahindi ya marehemu. Wenzangu walikuwa wamemaliza sentensi sitini.

Ndipo mama mmoja wa meza ya karibu na dirisha akageuza kiti chake.

"Mwanangu, umeganda?"

"Nafikiria tu."

"Unafikirianga na macho. Soma kwa sauti."

Nikasoma, nikiona haya.

"Tena. Sasa pumua katikati. Wapi unaweza kupumua bila kuiumiza?"

Nilijaribu. Niliweza kupumua baada ya body. They brought the body, halafu, from Lumakanda. Haikuumia.

"Basi," akasema. "Kama ingekuwa ya mwili, ungesikia unamkata mtu mguu. Bofya, tuendelee. Marehemu ameshafika."

Huyo alikuwa Mama Fridah. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuwa na shahada. Alikuwa amepiga chapa mahakamani tangu ujana wake, akisikiliza mashahidi na kuandika walichosema, mpaka walipoacha kuhitaji wapiga chapa. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipozimwa, mwaka haukuisha, mzee akapigwa na kiharusi. Tangu hapo Mama Fridah ndiye aliyekuwa akitegemewa na nyumba nzima, na binti yao Fridah alikuwa chuoni akisomea uuguzi. Ukimwuliza Mama Fridah habari za asubuhi, alikujibu kwa mihula. "Bado mitatu," alisema nilipoanza kazi. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Chumba kizima tulijua kwamba kila sentensi aliyobofya ilikuwa inamsukuma Fridah kuelekea kwenye mtihani wa mwisho.

Alikuja kazini na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, akafunikia kibodi yake kila jioni kabla ya kutoka. Kijana aliyetusimamia, Brayo, alimcheka.

"Mathe, hiyo si taipureta. Haiingii baridi."

"Wewe je, ukilala hujifuniki?" Mama Fridah alimjibu. "Mashine ni mashine."

Niliyojifunza chuoni kwa miaka minne kuhusu vitenzi, Mama Fridah alinifundisha upya kwa muda wa chai chache. Chuoni tulikuwa na vipimo: ondoa kikundi uone kama sentensi inaanguka, kipeleke mwanzo uone kama inakubali. Vipimo vizuri, vitumieni. Lakini alinionyesha kwamba kitenzi hakina tabia moja. Kinategemea anayesema na anayesikiliza. Siku tulipobishana juu ya die, kama sababu ya kifo ni ya lazima, alisema hivi: "Kortini hakuna mtu aliwahi kufa tu. Hakimu aliuliza, kwa nini, wapi, saa ngapi. Kwa hakimu hayo yote ni lazima. Lakini mama yake akisema mtoto wangu amekufa, utamwambia sentensi haijaisha?"

Tulimaliza chai.

Halafu utaratibu ukabadilika. Zamani mtu mmoja alichambua sentensi, na tukikwama tulibishana mpaka chumba kikawa kama soko la Khayega. Walio ng'ambo hawakupenda. Wakaamua kwamba kila sentensi ipelekwe kwa watu wawili, bila yeyote kumjua mwenzake, na majibu yakitofautiana, ipelekwe kwa mtu wa tatu, mwamuzi. Mwamuzi angeona tu Mchambuzi A na Mchambuzi B, na sababu walizoandika. Uamuzi wake ndio uliohesabika, na maelezo yake yalirudishwa kwa wachambuzi bila jina. Majibu yako yakikataliwa mpaka ukaanguka chini ya kiwango kwa wiki mbili, akaunti yako inajifunga yenyewe Ijumaa jioni.

Tukapigwa marufuku kuzungumzia sentensi, hata kwenye chai. Na kusoma kwa sauti kukakatazwa, maana wa meza ya pili angeweza kusikia. Mama Fridah aliendelea kusoma kwa midomo tu, kama mtu anayesali kanisani wakati wengine wanaimba.

Brayo akanijia. "Eva, wewe utakuwa mwamuzi."

"Kwa nini mimi? Mimi ndiye wa polepole kuliko wote."

"Ndiyo maana. Una digrii ya hii maneno, na maelezo yako ni marefu. Wale wa huko wanapenda maelezo marefu."

Nilipaswa kukataa. Nililala na wazo la kukataa siku mbili, nikaandika barua ya kukataa, nikaisahihisha mara nyingi hivi kwamba ilianza kusomeka kama barua ya kukubali. Nikakubali.

Fungu langu la tatu lilikuwa na sentensi arobaini. Nilifungua ya kwanza. Mchambuzi A alikuwa ameandika sababu ndefu yenye kifungu kutoka mwongozo wetu wa kazi. Mchambuzi B alikuwa ameandika maneno mawili tu: Read aloud, soma kwa sauti. Ya pili, B tena: Read aloud. Ya tano. Ya tisa. Niliinua kichwa. Kule dirishani Mama Fridah alikuwa amekaa kama kawaida, midomo ikitembea.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo mtu kama mimi anapotea, na mtu kama wewe pia, kama umesoma mpaka hapa ukijitambua.

Mwongozo ulisema: ukimtambua mchambuzi, jitoe, mwambie msimamizi. Mstari mmoja, wazi kabisa. Lakini nikawaza: nikimwambia Brayo, ataniuliza nimemtambuaje. Nikisema ni kwa maneno yake, atauliza nimeyajuaje, na kumbe tumekatazwa kuzungumzia sentensi. Ataona tulikuwa tunaambizana majibu. Watamfungia yeye. Kwa hivyo nikaamua kunyamaza, ili kumlinda.

Halafu nikawaza tena: kama nanyamaza, na ninampenda, nitampendelea. Sitajua hata kwamba nampendelea. Kwa hivyo ni lazima nijizuie. Nikajiwekea sheria yangu mwenyewe, na niliiona kuwa sheria ya haki sana. Penye hakika kwamba B amepata, nitampa B. Penye shaka hata kidogo, nitampa A.

Na nyinyi mmeshanijua. Ni wapi ambapo sina shaka hata kidogo?

Nawapa mfano mmoja ili mwone. The rider succumbed in hospital, yaani mwendesha boda alifia hospitalini. Mwongozo, ulioandikwa na watu wasiowahi kusikia redio yetu, ulisema kitenzi hicho hakisimami bila to, kwamba mtu husalimu amri kwa kitu fulani, majeraha, maradhi. A akafuata mwongozo, akasema kuna kikundi cha lazima kinachokosekana. Mama Fridah alisema kitenzi kimetosha, hospitali ni ya kupita. Mimi nimezaliwa hapa. Tangu utotoni nimesikia kwenye matangazo ya vifo kwamba fulani amesuccumb, nukta, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza amesalimu amri kwa nani. Hayo ndiyo matumizi halisi tuliyoajiriwa kuyanasa. Nilijua. Lakini nilijiuliza: najua kwa sababu ni kweli, au najua kwa sababu ni yeye?

Nikampa A. Nikaandika sababu yangu ya mistari minne.

Sentensi moja tu haingemwangusha mtu. Lakini zilikuwa arobaini, na zilikuwa za kila aina, na katika ishirini na sita kati yake nilipata mahali pa kutia shaka. Wiki iliyofuata lilikuja fungu jingine, lenye B yuleyule na maneno yake mawili. Nikashika sheria yangu kwa uaminifu mkubwa. Wiki hizo mbili nilikuwa najisikia mtu mwadilifu. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu hadi leo.

Jumatatu asubuhi Mama Fridah alifika mapema kuliko wote, kama kawaida yake. Akaondoa kitambaa kwenye kibodi, akakikunja. Akaandika neno lake la siri. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, kwa ile kasi yake ya mahakamani ambayo hukuweza kuvitenganisha vidole. Ikakataa. Basi huyu mama, ambaye alikuwa amepiga chapa maelfu ya kurasa bila kuangalia vidole, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akiitaja kila moja kwa midomo.

"Brayo," aliita. "Njoo uone. Vidole vyangu vimezeeka."

Brayo alisoma kilichoandikwa kwenye kioo. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amejua tangu Ijumaa.

"Si vidole, Mathe. Imejifunga."

"Ifungue."

"Siwezi. Ni sistimu. Ni maamuzi ya mwamuzi, ilikuangusha chini."

"Mwamuzi ni nani?"

"Hata mimi siruhusiwi kusema."

"Sasa mimi niongee na nani, Brayo? Hata mwizi huulizwanga kama ana la kusema."

Brayo alirudi mezani kwake. Mimi nilikuwa meza ya tano, nikitazama sentensi ambayo hadi leo siikumbuki. Mama Fridah akaingiza kitambaa kwenye mkoba, akasukuma kiti chini ya meza vizuri. Alipopita kwangu aliniwekea mkono begani.

"Fanya kazi, mwanangu," alisema. "Usigande."

Bado ulikuwa muhula mmoja.

Nilisema nitamfuata nikamwambie. Niliandaa maneno. Niliyaandaa miezi minane. Katika miezi hiyo sentensi zilianza kupungua, sabini, arobaini, kumi na tano kwa siku, kwa sababu mashine ilikuwa imejifunza vya kutosha na sasa ilijichambulia yenyewe. Kazi yetu ikawa kuangalia kama imekosea. Siku moja ililetwa sentensi kama ile ya mwendesha boda, na mashine ilikuwa imeshaweka jibu: kuna kikundi cha lazima kinachokosekana. Ilikuwa imejifunza kwangu. Nikaitazama, nikabofya sawa, kwa sababu kubadilisha kungehitaji maelezo, na maelezo hayo yangekuwa maungamo. Mwezi uliofuata ofisi ikafungwa. Siku hizi pale juu wanauza vifuniko vya simu.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nilipokosa kazi ya kujifichia, nilipanda boda hadi Khayega, nikauliza nyumba ya mama aliyekuwa akipiga chapa kortini. Nilimkuta amekaa nje akitoa maganda ya kunde, au ndivyo nilivyoona, kumbe alikuwa anachambua mboga akitenga majani ya manjano. Mumewe alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, upande mmoja wa mwili umelala. Binti mrefu alikuwa akimpangusa mdomo kwa kitambaa, kwa mkono uliofundishwa, akimshika kidevu bila kumwumiza. Sikuhitaji kuuliza ni nani, wala kwa nini yuko nyumbani katikati ya muhula.

"Eva!" Mama Fridah alisema. "Mwanangu, umekonda. Kaa hapa."

Nikakaa. Maneno yangu ya miezi minane yakawa yamekwenda. Nikasema tu, "Mama, mwamuzi nilikuwa mimi."

Hakuacha kuchambua. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza ile. Zilirudishwa na maelezo, si unakumbuka? Nikaona perhaps mbili ndani ya mstari mmoja. Nikasema, nani mwingine kule juu anaandikanga hivi?" Alitabasamu kidogo. "Kusema kweli nilishukuru Mungu. Nilienda nyumbani nikamwambia Fridah, tumepona. Huyu ninamjua. Wiki ya kwanza ameteleza, lakini huyu atarudia, atanisomea kwa sauti."

Fridah alikuwa amesimama na kile kitambaa mkononi, akinitazama. Mzee naye alinitazama, kwa jicho moja.

"Ulisoma kwa sauti?" Mama Fridah aliuliza.

Hakukuwa na hasira katika swali hilo. Aliuliza kama alivyoniuliza siku ile ya Lumakanda, mtu wa kazi akimwuliza mtu wa kazi. Nilitafuta neno pengine la kuweka mbele ya jibu langu. Nilitafuta neno lakini. Nikakumbuka kile chumba kimya, na jinsi nilivyoogopa kwamba mtu wa meza ya pili angesikia sauti yangu.

"Hapana, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alitikisa kichwa taratibu, akatupa majani ya manjano kwa kuku, akainua bakuli lake.

"Fridah," alisema, "mletee mgeni chai."